Naomba ushauri: vitamini D iko chini, vidonge vinakaribia kwisha

UmmuSalma_Wete: Assalaam alaykum. Nimepimwa damu, vitamini D imetoka 9, na karatasi inasema ifike angalau 20. Miguu inauma, ngazi sipandi mpaka nishike ukuta. Nshaanza vidonge, vinakaribia kwisha. Sokoni Darajani, Unguja, vinapatikana? Nataka nimwagize mtu wa boti. Msiniambie nikaote jua, kazi yangu cherehani, nashinda ndani.

Mchuma_Karafuu: Waalaykum salaam. Mie msimu mzima nipo juu ya mkarafuu, mifupa chuma. Toka nje dada.

BintiMkoani: Atoke na buibui, jua limfikie wapi? Mwanangu mchanga daktari alimwandikia matone, uniti 400 kwa siku, maana maziwa ya mama hayana ya kutosha. Mama mkwe akasema namlisha mtoto sumu. Tulinuniana mpaka Idi.

Mfamasia_Mstaafu: Dada, kidonge uniti ngapi, na unameza vipi?

UmmuSalma_Wete: 50,000. Kaniletea shangazi kutoka Maskati. Nameza baada ya chakula.

Mfamasia_Mstaafu: Mara ngapi? Hujajibu.

UmmuSalma_Wete: Kila siku. Leo siku ya 19. Najua kiboksi kimeandikwa kwa wiki, lakini 9 ni ndogo mno, nikienda kwa wiki ntapona lini? Harusi ya mdogo wangu mwezi ujao, nina magauni 11 sijayagusa.

Mfamasia_Mstaafu: Acha leo hii, mwanangu. Hicho ni kimoja kwa wiki, wiki 8 hivi, kisha dozi ndogo. Vitamini D inajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi inapandisha kalsiamu ndani ya damu, na figo ndizo zinazoumia. Una kiu? Kichefuchefu? Choo kigumu?

MsemaKweli_Chake: Hadithi ya kutunga hii. Pemba na jua hili mtu apate 9? Kesho atakwambieni anavyo vya kuuza.

BintiMkoani: Kwani kuishi penye jua ndiyo kulipata? Watu weusi ngozi inataka muda mrefu zaidi juani, na ukikaa nyuma ya dirisha la kioo hupati kitu.

MsemaKweli_Chake: Basi mbona hajajibu la kiu?

UmmuSalma_Wete: Siuzi kitu, kaka. Nimeona haya. Chupa ya maji iko pembeni ya cherehani, leo naijaza mara ya 5. Usiku naamka chooni mara 4. Nikajua joto tu.

Mfamasia_Mstaafu: Usingoje asubuhi. Nenda hospitali na kiboksi mkononi, wakupime kalsiamu na figo. Kama una vidonge vya kalsiamu, usivimeze.

MsemaKweli_Chake: Nisamehe dada. Una wa kukupeleka?

UmmuSalma_Wete: Kaka yangu kashawasha pikipiki. Kiboksi nimetia mkobani, vimebaki 5.