Naomba ushauri: kujenga nyumba kwa mirunda mibichi isiyopasuliwa, Igombe, Mwanza

Mwana wa Igombe (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa.

Nina kiwanja Igombe, juu kidogo ya ziwa, na nina mikaratusi arobaini na kitu ambayo marehemu baba aliipanda shambani kwetu Sengerema. Mingi sasa ina unene wa sentimita 15 hadi 22. Nimeamua kujenga nyumba ya vyumba viwili ambayo nguzo zake, miamba yake (miti inayolazwa juu ya nguzo kubeba paa) na kenchi zake zote zitakuwa za miti ya mviringo isiyopasuliwa mbao, iliyoungwa kwa ulimi na tundu (ncha ya mti mmoja huchongwa iwe nyembamba, ikaingia kwenye tundu la mwingine) badala ya misumari, na kuta nitazijaza kwa matofali ya udongo baadaye.

Kinachonifanya niandike ni kosa langu la mwaka juzi. Nilijenga stoo ya nyavu na mashine ya boti kwa mirunda iliyokatwa wiki hiyo hiyo, nikaipigilia misumari ya inchi sita, na kabla mwezi haujaisha nikawa nimeshakandika na kupiga lipu. Kufikia kiangazi kilichofuata misumari ilikuwa imelegea, mlango umekataa kufungwa, na lipu imeachana na nguzo kwa upenyo unaopitisha mjusi. Fundi aliyenisaidia alisema dawa yake ni kuiacha miti ikauke mwaka mzima kabla ya kuigusa. Hata hivyo, nimewahi kujaribu kuchimba tundu kwa patasi kwenye mrunda uliokaa mwaka, na patasi ilirudi kana kwamba nimepiga jiwe.

Naomba kujua kama kweli ni lazima kusubiri, na kama si lazima, mtu ambaye si seremala aanzie wapi kujifunza kazi hii.

Fundi Mitumbwi, Kirumba

Ndugu mleta uzi, pole kwa stoo. Mimi ninaunda mitumbwi, sijengi nyumba, lakini kosa lako nalijua kwa sababu majini kosa kama hilo huingiza maji. Ubichi wa miti haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba uliushika mti mbichi kwa chuma, kisha ukaufungia ndani ya lipu kabla haujamaliza kusinyaa.

Mti hausinyai sawasawa kila upande. Kwa urefu haupungui kiasi cha kukusumbua. Kutoka moyoni kwenda kwenye gome, miti mingi hupungua kama asilimia 3 hadi 5, na kwa kuzunguka, kufuata pete zake, hupungua karibu mara mbili ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo inayoupasua mrunda ufa mrefu unaoelekea moyoni, na hakuna rangi wala oili chafu itakayouzuia. Nguzo yako ya sentimita 20 itabaki na kimo kile kile, lakini unene wake utapungua kwa sentimita moja hivi. Msumari wa chuma haupungui pamoja nayo, kwa hiyo hupoteza mshiko, na lipu ambayo imeshakauka haiwezi kuufuata mti unakokwenda.

Kuhusu kusubiri mwaka mmoja, hesabu haikubali. Ubao wa inchi moja uliopangwa vizuri kivulini huweza kukauka kwa mwaka, lakini mrunda wa sentimita 20 baada ya mwaka huwa umekauka ganda huku moyo ukiwa bado na maji. Utapata ugumu wa mti mkavu, na usinyaaji wa mti mbichi bado utakuwa unakusubiri. Uingereza nyumba za fremu za mwaloni (nasema mti, si mwalo wetu wa dagaa) zilichongwa miti ikiwa mibichi, na zipo zilizosimama kwa zaidi ya miaka 500.

Ujanja wao uko kwenye kijiti cha mti kinachoshika kiungo, nami nautumia nyumbani kwenye vitanda. Kwanza toboa nguzo, upande mmoja hadi mwingine, pale kijiti kitakapopita. Ingiza ulimi wa boriti ndani ya tundu lake, tia alama ya kitobo juu ya ulimi, utoe, kisha utoboe ulimi milimita 3 karibu zaidi na bega lake (pale unene wa boriti unapoishia na ulimi kuanza) kuliko alama ile. Vitobo havitalingana, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kijiti kilichochongwa ncha kikipigiliwa hulazimika kupinda kidogo na kulivuta bega likumbatie nguzo, na mti unapoendelea kusinyaa kijiti nacho huendelea kuvuta. Kijiti chenyewe lazima kiwe kikavu kabisa, na kipasuliwe kwa shoka kwa kufuata nyuzi, kwa kuwa msumeno huzikatiza. Moyo wa mjohoro mkavu unafaa sana. Kijiti kibichi kitasinyaa na kudondoka chenyewe.

Tahadhari moja kuhusu mkaratusi, kwani ni mti wenye hasira. Ukiwa umesimama, ganda lake la nje limevutwa na moyo wake umebanwa, ndiyo maana ukiuangusha ncha hupasuka kabla hujafuta jasho. Acha sentimita 30 za ziada kila upande, zipake ncha rangi ya mafuta siku hiyo hiyo, na usichonge ulimi kwenye sehemu iliyokwisha kupasuka. Mti ambao nyufa zake zinauzunguka kama kamba iliyosokotwa usiufanye boriti, bali ukate vipande vifupi.

Mhandisi Mstaafu

Nakubaliana na mtangulizi kuhusu vijiti, isipokuwa kwenye paa. Paa la bati ni jepesi, na dhoruba ya ziwani hulinyanyua kabla ya kulisukuma. Pale kenchi zinapokutana na mwamba, na pale nguzo inapokutana na msingi, tumia bolti au mikanda ya chuma bila kuona aibu. Mashindano ya kujenga bila chuma tuwaachie wenye paa zito la vigae.

Pili, mirunda yako ni myembamba, kwa hiyo tundu lisizidi theluthi moja ya unene wa mti. Kwenye mti wa sentimita 15 hiyo ni sentimita 5, na matundu mawili yasikutane kimo kimoja kwenye nguzo moja. Weka pia miti ya mshazari kila pembe, kuanzia kwenye nguzo kwenda kwenye mwamba, kwa maana fremu ya pembe nne bila mshazari hulala upande kama kiberiti kilichokanyagwa. Kwa upande wa nguvu huna hasara kutumia mti mzima, kwa sababu nyuzi zake hazijakatwa na msumeno, na mrunda hubeba vizuri kuliko ubao uliopasuliwa kutoka ndani yake.

Tatu, nguzo isiingie ardhini. Mchwa wa huku hauna subira, na sehemu laini ya nje ya mkaratusi ni chakula chake. Mwanza hatujawahi kupungukiwa mawe, kwa hiyo isimamishe kila nguzo juu ya jiwe lililoinuka angalau sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi, na uishike kwa pini ya nondo. Mchwa hautashindwa kupanda jiwe, ila utalazimika kujenga njia yake mahali unapoiona, nawe utaibomoa.

Fundi Mitumbwi, Kirumba

Hapo kwenye bolti nimekubali, mzee wangu. Naomba tu nati ziachwe mahali panapofikika, kwa sababu baada ya kiangazi cha kwanza zitahitaji kukazwa upya.

Kijana wa Halmashauri

Nitasema machache. Kabla ya kuangusha mti, pima umbali wa kiwanja chako kutoka ziwani, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kibali cha ujenzi utakifuata halmashauri. Miti yako ni ya kupanda, lakini kuitoa Sengerema hadi Igombe bado kunahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa hiyo waone maofisa misitu wa wilaya kabla gari halijapakia. Foleni ya kivuko imekwisha tangu tuanze kupita darajani Kigongo–Busisi, lakini vizuizi vya ukaguzi bado vipo.

Mwana wa Igombe

Nawashukuru sana, na kiwanja nimekipima, kiko nje ya hizo mita 60. Sasa nimekwama kwenye jambo ambalo huenda ni la kitoto. Ubao una ukingo ulionyooka wa kuwekea rula. Mrunda hauna ukingo, umepinda kidogo, na shina lake ni nene kuliko ncha. Ninapimia wapi?

Mama wa Muleba

Mwanangu, hilo si la kitoto, ndilo somo lenyewe. Nilijenga jiko langu kwa misambya na migrivea, na wiki mbili za kwanza nilichonga kuni tu kwa sababu nilikuwa napimia kwenye ngozi ya mti.

Usiipimie ngozi. Ulaze mti juu ya magogo mawili, uuzungushe hadi mpindo wake utazame juu, kisha uuzuie kwa kabari usigeuke. Kwenye kila ncha chora mstari wa timazi unaopita katikati, na mwingine wa pima maji unaoukata, upate msalaba. Kisha chukua uzi uliopakwa mkaa, uuvute kutoka msalaba mmoja hadi mwingine juu ya mti, uunyanyue na kuuachia uchape mstari. Ubavuni fanya vivyo hivyo. Kuanzia hapo, vipimo vyote vinatoka kwenye mistari hiyo, na mti upinde utakavyo, kwa sababu ndani yake sasa umeshaweka ubao ulionyooka ambao ni wewe tu unayeuona.

Bega la ulimi halikatwi kwa msumeno ulionyooka, kwani linakwenda kukaa kwenye mgongo wa mviringo. Laza boriti juu ya nguzo pale zitakapokutana, mistari ikiwa imelingana, chukua bikari, mguu mmoja utembee juu ya nguzo na mwingine wenye penseli uchore kwenye boriti umbo lile lile. Ukichonga kwa kufuata alama hiyo, viungo vitakaa kama kifuniko na chungu chake. Kila kiungo kitie namba kwa patasi, kwa sababu boriti hii haitaingia kwenye nguzo nyingine yoyote.

Usianze na nyumba. Anza na kichanja cha vyombo, ambacho kina miguu minne na boriti nne, uharibu hapo. Kisha banda la kuku lenye mshazari. Na ukifika kwenye nyumba, simamisha fremu, ezeka bati, halafu uiache ikauke chini ya kivuli chake chenyewe hadi kiangazi kizima kipite ndipo ujaze matofali. Chimba mfuo wa kina cha sentimita 2 kwenye ubavu wa nguzo unaotazama ukuta na uingize udongo humo, ili nguzo ikiendelea kusinyaa mwanga usipite.

Mwana wa Igombe

Mama, asante. Kichanja nakianza Jumamosi. Swali la mwisho ni kuhusu gome: ile mirunda ya stoo nilishindwa kuibambua, ikabidi niiache na magome yake, na chini yake nilikuta wadudu na unga mtupu.

Fundi Mitumbwi, Kirumba

Uliuchelewesha. Gome la mkaratusi hutoka kwa vipande virefu mti ukiwa na maji yake, na baada ya siku chache hung'ang'ania kama limegundishwa. Angusha asubuhi, na ubambue siku hiyo hiyo. Usiangushe mingi kuliko unayoweza kubambua kabla ya jua kuzama. Kwa mtu mmoja mwenye panga butu na mkono usiozoea, hiyo ni miti minne au mitano.