Kadi ilinigomea dirisha la dawa. Akaunti ya pili nichague vipi, na nyumbani niweke taslimu kiasi gani?

Wakuu, salaam. Ijumaa iliyopita saa tatu usiku nilikuwa dirisha la dawa hospitalini, mwanangu kabanwa na pumu. Nachomeka kadi, imekataliwa. Nafungua programu ya benki kwenye simu: huduma haipatikani. Mfumo wao ulizima, ukarudi Jumapili mchana. Mshahara, akiba, ada ya shule, vyote viko benki hiyohiyo. Mfukoni nilikuwa na noti moja, haikufika hata nusu ya bei ya dawa. Mama mmoja mtu mzima kwenye foleni ndiye aliyenilipia. Jumatatu nilimrudishia, ila mtoto alivyokuwa amenishika shati akihema sijasahau.

Nataka kufungua akaunti ya pili. Niangalie nini? Na taslimu je? Mke wangu anaogopa wezi, mimi naogopa lile dirisha.

Jibu la 1

Pole sana ndugu yangu, mtoto apone kabisa. Nimekaa kaunta ya benki miaka 11, na kosa nililoliona zaidi ni mtu kufungua akaunti ya pili benki ileile, tawi jingine, akajiona amejikinga. Mfumo ni mmoja, ukizima zimezima zote. Hata kinga ya amana, yaani fidia ya pesa zako benki ikifilisika, huhesabiwa kwa benki, siyo kwa tawi: nchi za Umoja wa Ulaya ni euro 100,000 kwa mteja katika benki moja. Nenda benki nyingine kabisa.

Kisha uliza swali ambalo karibu hakuna aliyewahi kuniuliza: kadi yenu inapitia mtandao gani wa malipo? Tarehe 1 Juni 2018 Visa ilipata hitilafu Ulaya. Mwenye kadi 2 za benki 2 tofauti, zote Visa, angeweza kukwama nazo zote. Kama ya kwanza ni Visa, ya pili iwe ya mtandao mwingine.

Chagua yenye makato madogo, isiyodai salio kubwa la chini, na ambayo pesa inatoka siku hiyohiyo. Amana ya muda maalumu haitakusaidia saa tatu usiku. Na tafadhali, kila mwezi ipitishie malipo hata madogo. Akaunti isiyoguswa muda mrefu benki huilaza, na mara nyingi kuiamsha ni mpaka ufike tawini na kitambulisho. Nimewaamshia wengi, wengine wakiwa na mgonjwa nje kwenye gari. Inaumiza kumwambia mtu kama huyo asubiri.

Jibu la 2

Namuunga mkono aliyetangulia, lakini benki 2 hazitoshi. Canada, 8 Julai 2022, mtandao wa simu na intaneti wa Rogers ulizima, malipo ya kadi ya Interac, mtandao wa malipo wa huko, yakasimama nao. Benki zenyewe hazikuwa na kosa.

Kuhusu kiasi, Benki Kuu ya Uholanzi mwaka 2025 ilishauri euro 70 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto, za kuvuka saa 72. Usichukue tarakimu zao, chukua hesabu yao: siku 3, kila kichwa, maji, chakula, dawa, nauli. Wewe ongeza dawa ya pumu. Ziwe noti ndogondogo, maana siku mashine zimezima kila mtu anatafuta chenji.

Usiziweke kwenye kasha la benki. Saiprasi, Machi 2013, benki zilifungwa karibu wiki 2.

Jibu la 3

Shemeji yuko sahihi kuogopa, wezi wapo. Siku 3 zinatosha, zaidi ya hapo zirudi benki. India, Novemba 2016, noti za rupia 500 na 1,000 zilifutwa usiku mmoja, waliojaza masanduku wakapanga foleni. Na mama mtoto ajue bahasha ilipo. Siku hiyo huenda wewe uko safarini.

Muulizaji

Asanteni sana, wakuu. Leo nimefungua benki nyingine, kadi ya mtandao tofauti. Bahasha tumeiandaa wawili: tumegawa noti, nusu kabatini, nusu kwenye mkoba wa kliniki wa mtoto pamoja na dawa yake ya kuvuta. Mke wangu ndiye aliyechagua mahali. Swali la mwisho kwa wa kaunta: malipo hayo ya kila mwezi, nikiweka yajilipe yenyewe yanahesabika, au lazima nitumie kadi?

Jibu la 1

Inategemea benki, zipo zinazotaka muamala ulioufanya wewe mwenyewe. Tumia kadi, mkuu. Hapo utajua pia kama bado inasoma.