Ushauri: karatasi ya damu ya baba ina namba mbili

Mama_Zuhra
Habari zenu wakuu. Tupo Marekani mwaka wa 14 huu. Baba anasafishwa damu mara tatu kwa wiki tangu Machi 2022, figo zimekwisha, na yupo kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa. Juzi nikipanga makaratasi yake nikakuta majibu ya 2019. Kipimo cha kazi ya figo kina mistari miwili: Mweusi 22, asiye Mweusi 19. Damu ni ile ile, imetoka mkono mmoja siku moja! Nimempigia nesi, akasema ndivyo walivyokuwa wakiandika, nisiwe na wasiwasi. Usingizi umegoma. Hiyo 22 imemdhuru baba? Nimuulize nani?

Msafiri_K
Pole sana dada. Ushauri wangu, msigombane na watu wanaomshika mzee. Tafuteni ndugu apimwe. Akifaa, hamna haja ya foleni.

Chumba_cha_Damu
Dada, imemdhuru. Nafanya kazi hii miaka mingi hapa hapa Marekani na jambo hili linaniuma.

Kanuni ya kukokotoa kazi ya figo iliyotoka 2009 ilichukua kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), umri na jinsia, kisha mgonjwa akiwa Mweusi jibu likazidishwa kwa 1.159. Zidisha 19 yako, unapata 22. Hoja ilikuwa kwamba Weusi wana misuli mingi zaidi. Nani alimpima baba misuli? Waliangalia rangi tu. Na mtu ambaye bado hajaanza kusafishwa damu huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo kipimo kikifika 20 au chini. Kwa 19 baba alishafika. Kwa 22 alionekana bado ana nafuu, wakati figo ni zile zile zinazokufa.

Mwaka 2021 ikatoka kanuni isiyo na rangi. Januari 2023 mtandao wa taifa wa upandikizaji ukaziagiza hospitali zote zipitie mafaili ya Weusi na kuwarudishia muda waliopotezewa. Zaidi ya 14,000 wamesharudishiwa, kwa wastani wa miaka miwili hivi.

Kwa hiyo achana na nesi wa kusafisha damu. Mpigie mratibu wa upandikizaji, umuulize swali moja: muda wa baba unahesabiwa kuanzia tarehe gani? Akikwambia 2022, hiyo karatasi ndiyo ushahidi wako. Omba kwa maandishi.

Msafiri, ndugu kupimwa ni sawa kabisa, lakini muda wa mzee ni haki yake.

Bi_Rehema
Naongeza la mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumleta bure, msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964. Marehemu mume wangu alikuwa akiitikia "ndiyo, daktari" kwa kila neno, kwa adabu tu, nao wakaandika kwamba ameelewa. Usikubali wewe binti ndiye utafsiri habari za mwili wa baba yako.

Mama_Zuhra
Asanteni mno. Nimempata mratibu: tarehe yao ni Machi 2022. Nikamsomea ile karatasi, akanyamaza, kisha akasema niilete. Kaka naye amekubali kupimwa. Baba anataka aende mwenyewe, kwa hiyo nimeomba mkalimani wa Alhamisi. Nakala nimetoa tatu, moja watanisainia kwamba wameipokea.