Kauri kama alama ya neema: ipi ilikuwa hela, na mgongo unakatwaje?

Mshona_Ngozi

Wakuu, habari za jioni. Nina kazi mbili mezani, zote za kauri, yale maganda ya konokono wa baharini: mkanda wa ngozi wa sentimita 80 wenye safu mbili, na pazia la nyuzi la kuning'iniza mlangoni, mlango wa kawaida wa mita 2. Aliyeagiza anataka "kauri za neema, zile zilizokuwa hela enzi hizo". Sampuli nilizonazo ni za aina mbili. Moja ina mduara wa rangi ya machungwa mgongoni, nyingine ni ya njano na ina vinundu pembeni. Ipi ndiyo ilikuwa hela? Halafu naona kauri nyingi za kushonea zimekatwa mgongo. Ni urembo tu au kuna sababu, na zinakatwaje bila kupasua ganda zima? Nawasilisha.

PwaniMchanga

Zote mbili zilikuwa hela, mkuu, ila hazikuingia sokoni kwa wakati mmoja.

Ya njano yenye vinundu ni *Monetaria moneta*. Hiyo ndiyo kongwe, na chimbuko lake kubwa lilikuwa visiwa vya Maldivi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alikaa huko 1343 na 1344, akaandika kwamba kauri 400,000 zilibadilishwa kwa dinari moja ya dhahabu. Miaka michache baadaye akafika Mali, akakuta dinari moja inapata kauri 1,150. Gawanya mwenyewe: ganda lile lile limepanda thamani karibu mara 350 kwa sababu ya safari tu. Ukielewa hapo umeelewa kwa nini kauri ikawa alama ya neema. Mtu wa bara hawezi kwenda kuiokota. Akionekana nayo nyingi, ina maana ana biashara, ana ng'ombe, au ana watu wanaomletea. Tena ni ndogo, haiozi, haivunjiki ovyo, na kuighushi ni kazi kubwa kuliko thamani yake.

Yenye mduara ni *Monetaria annulus*, kauri ya pete, na hiyo ni ya kwetu: imejaa pwani ya Afrika Mashariki. Miaka ya 1840 wafanyabiashara kutoka Hamburg, Ujerumani, walianza kuipakia Zanzibar na kuipeleka Afrika Magharibi. Ni kubwa kidogo na ilipatikana kwa bei ya chini mno, basi walipeleka shehena kwa shehena. Matokeo yake unayajua: hela ikizidi, bei hupanda. Kufikia mwisho wa karne ile, malipo ya kauri yalikuwa mzigo wa kubebwa kichwani, si wa mfukoni. Kwa hiyo mteja wako akitaka kauri ya hela ya karne nyingi, mpe moneta. Akitaka ile iliyoangusha hela, mpe ya pete. (Kwa mkanda mimi ningempa ya pete, inalala vizuri zaidi.)

Kuzitofautisha mduara ukiwa umefutika kwa jua: usitazame rangi, tazama umbo kwa juu. Ya pete ni yai lililonyooka. Moneta ina mabega, upande mmoja umetanuka na kuota vinundu, kama pembetatu iliyolainishwa kona.

Lugha nazo zimehifadhi habari hii. Kiganda mpaka leo fedha ni *ensimbi*, na simbi ni kauri. Sedi ya Ghana, iliyoanza 1965, imechukua jina la kauri kwa Kiakan. Na sisi tunasema kete za bao. Leo bao huchezwa kwa komwe, mbegu za mti, lakini kete yenyewe ni kauri ndogo.

MsasaMaji

Nijibu la kukata.

Sababu ya kwanza ni kushona. Kauri nzima ina kitumbua mgongoni, ukiishona kwenye ngozi inayumba na uzi unasagika. Ukiondoa kitumbua inalala bapa, na sindano inapita kwenye tundu ikatokea mdomoni, yaani ule ufa wa upande wa chini, katikati ya meno. Meno yenyewe yanashika uzi usiteleze. Sababu ya pili ni kuzitunga: tundu kubwa la mgongoni linapitisha kamba bila kutoboa.

Usigonge kwa nyundo. Wapo wanaogonga wakafanikiwa, lakini kati ya kumi utapoteza mbili tatu, na zinazobaki zina kingo zilizochongoka. Sugua.

Weka msasa wa maji namba 80 juu ya kipande cha kioo au kigae, mwaga maji kidogo. Shika kauri mdomo ukiangalia juu, mgongo chini, vidole viwili pembeni na kimoja juu, zungusha kwa duara ukibonyeza kiasi. Dakika ya kwanza hutaona kitu. Kisha linatokea doa jeupe, doa linakuwa kubwa, halafu katikati panatokea kitundu chenye kingo nyembamba kama karatasi. Hapo wengi hufurahi na kuongeza nguvu, ndipo ganda linapopasuka. Punguza nguvu, maana kwa sasa unasugua ukingo mwembamba peke yake. Endelea mpaka tundu lifike kama nusu ya upana wa kauri. Ndani utaona mkunjo wa ganda umekatiza, huo unaubana kwa plaizi yenye ncha nyembamba na kuuvunja polepole kwa kuupinda kuelekea katikati, usiuvute juu. Malizia ukingo kwa msasa namba 220, suuza.

Ukipitiliza, yaani ukisugua hadi karibu na meno, midomo miwili inabaki imeshikana nchani tu. Itavunjika siku ya kwanza mtu atakapokaa na huo mkanda.

Maji si anasa. Vumbi la ganda ni laini mno na linakaa kifuani. Kama utatumia mashine kavu, vaa barakoa ya vumbi iliyobana vizuri, si kitambaa.

Idadi: kauri ya sentimita 2 zikipangwa kichwa kwa mkia ni 40 kwa safu ya sentimita 80, kwa hiyo mkanda ni 80. Andaa 95. Na zipange kwa ukubwa kabla hujaanza kukata, maana tofauti ya milimita 3 kati ya jirani inaonekana kutoka mbali.

Mshona_Ngozi

Mmeniokoa, ndugu zangu. Nyongeza mbili. Baadhi zina harufu na uchafu ndani. Kuna mtu kaniambia niziloweke kwenye siki usiku mzima zitoke zinang'aa. Ni sawa? Na nitajuaje kama wamenichanganyia za plastiki?

Dada_Maganda

Siki HAPANA. Wala ndimu, wala dawa ya kusafishia choo. Ganda ni kalsiamu kaboneti, asidi inalila. Utaona povu zuri ukadhani uchafu unatoka, kumbe ni ganda lenyewe linaondoka. Asubuhi utakuta kauri imepauka kama chaki, na hakuna mafuta yatakayorudisha mng'aro wake. Ule mng'aro haukupakwa na fundi. Konokono wa kauri akiwa hai hulifunika ganda lote kwa nyama yake na kulipaka tabaka jipya kila mara, ndiyo maana lina sura ya kigae. (Kiswahili tunaita vyombo vya aina hiyo "vya kauri". Waitaliano nao waliita kaure ya China kwa jina la ganda hili hili.) Akishakufa, tabaka likiondoka limeondoka.

Dawa ya klorini nayo iache. Haili ganda kama siki, lakini inafubaza.

Safisha hivi: maji ya kawaida yasiyo moto siku 5 hadi 7, unabadilisha kila siku. Ya moto yanaweza kutia nyufa ndogo ndogo kwenye tabaka la juu. Kisha sabuni ya maji, tone moja kwa lita, mswaki laini, na kwa ndani ingiza uzi mnene au kijiti chenye pamba. Zikifunuliwa mgongo kazi ni rahisi, kwa hiyo kata kwanza, safisha baadaye. Anika kivulini siku mbili. Jua kali linafuta rangi, hasa ile pete ya machungwa. Mwisho paka mafuta mepesi yasiyo ya kula, kidogo sana, futa. Mafuta ya kupikia yanachacha na kunuka.

Plastiki: gusa shavuni, ganda halisi ni la baridi. Linganisha meno ya kauri kumi: za kiwandani meno yanafanana kama mapacha, za baharini hakuna mbili zinazolingana. Ukitaka uhakika, sasa ndiyo siki ina kazi: chovya kijiti, gusa sehemu ya ndani uliyoisugua, ambayo haitaonekana. Ikitoa povu ni ganda. Suuza papo hapo.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Usizihifadhi ndani ya boksi la karatasi ngumu au kabati la plaiwudi lililofungwa, hasa penye unyevu. Mbao na gundi hutoa mvuke wa asidi, na baada ya miezi ganda huota unga mweupe kama chumvi. Makumbusho zimepoteza mikusanyo kwa njia hiyo. Chombo cha kioo au mfuko wa plastiki wenye upenyo kinatosha.

Kibaraza_7

Samahani wakuu, mimi naona mnaruka jambo. Watu wengi wakiona kauri mlangoni hawafikirii neema, wanafikiria mganga. Mteja ameelezwa hilo?

PwaniMchanga

Hoja halali, ila uganga na hela vimeanzia kwenye ganda moja, na sababu ni ya kiufundi kuliko ya kutisha. Kauri iliyokatwa mgongo ina nyuso mbili bapa: mdomo na tundu. Ukiirusha inaangukia upande huu au ule, kama sarafu. Kauri nzima haifai kwa hilo, mgongo wa mviringo unaibingirisha ikalalia mdomo mara nyingi mno. Wayoruba wa Nigeria wana ramli ya kauri 16, na wanachosoma ni ngapi zimefungua mdomo. Kitu unachohesabia mali kila siku ndicho kitakuwa karibu na mkono wako unapotaka kuuliza kuhusu mali.

Kuna na maana ya uzazi, kwa sababu ya umbo la ule mdomo, sina haja ya kueleza zaidi. Mahali ambapo watoto ni mali, maana hizo mbili zinakaa pamoja bila kugombana. China nako walizika wakubwa na kauri: kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme, huko Anyang, la miaka ya 1200 kabla ya Kristo, lilipofukuliwa 1976 lilikutwa na karibu 7,000. Na herufi nyingi za Kichina zinazohusu kununua, bei na mali zina umbo la kauri ndani yake mpaka leo.

Kama inavuta pesa ukiitundika? Haivuti. Inakumbusha ilipokuwa pesa.

HesabuZaUzi

Kwa pazia, kama mteja anataka maana na siyo urembo tu, tumia hesabu ya soko la zamani la Afrika Magharibi: kauri 40 kwa uzi mmoja, nyuzi 50 ni "kichwa" cha kauri 2,000, vichwa 10 ni mfuko wa 20,000. Mfuko wa moneta ulikuwa na zaidi ya kilo 20. Wa kauri ya pete ulizidi hapo.

Inaingia mlangoni vizuri kuliko nilivyotarajia. Kauri 40 za sentimita 2.2 ni sentimita 88. Acha nafasi ya 2.5 kati ya moja na nyingine, nafasi 39 ni 97.5. Jumla 185.5, inabaki kama sentimita 14 za kufungia juu na kuachia chini. Mlango wa sentimita 80 unabeba nyuzi 25 ukiziachia sentimita 3 hivi. Hizo ni kauri 1,000, nusu ya kichwa kamili. Ongeza moja kwa kumi za kuharibika.

Kwa pazia usikate mgongo. Ikining'inia, tundu ndilo litaonekana mtu akiingia kwa upande wa pili. Toboa ncha mbili, biti ya almasi ya milimita 1.2, mwendo wa chini, kauri ikiwa imezama kidogo kwenye sahani ya maji. Drili iwe ya betri, ya umeme wa ukutani usiisogeze karibu na maji. Bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa ili biti isiteleze kwenye mng'aro. Ukisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, umebonyeza sana na maji hayafiki.

Uzi wa pamba usahau. Ukingo wa tundu unakata kama wembe, na pazia linasuguliwa kila mtu apitapo. Nailoni iliyopakwa nta, milimita 0.8, fundo mara mbili chini ya kila kauri. Uzi mmoja ukikatika, zinadondoka zilizo chini ya mkato tu, na hazidondoki zote kwa sababu mafundo yanashika.

Dada_Maganda

Na ukipungukiwa usiende kuokota kwenye hifadhi za bahari, ni marufuku hata kwa zilizokufa. Zinazong'aa sana sokoni mara nyingi zimetolewa zikiwa hai. Zilizookotwa ufukweni zimepauka kidogo, ila kwa mkanda uliosuguliwa mgongo hakuna atakayeona tofauti.

Mshona_Ngozi

Nimeelewa. Moneta nzima kwa pazia, za pete zilizokatwa kwa mkanda. Naanza na kumi za majaribio kwenye msasa.

MsasaMaji

Anza na zile mbaya mbaya. Na kata kucha kwanza, msasa namba 80 hauchagui.