Dishi la kwanza la chaneli za bure, Kisumu: ninunue nini?

Mamboleo_Juu

Hamjambo wenzangu. Nataka kufunga dishi la kwanza nyumbani, la chaneli za bure tu, bila malipo ya kila mwezi. Hali ya mahali ni hii: nyumba ya matofali na mabati, Mamboleo, ukuta hadi ukingo wa paa mita 3. Upande wa mashariki kuna mwembe wa mita 9 hivi, mita 6 kutoka ukutani. Magharibi ni wazi kabisa. Kaskazini ni vilima vya Riat. Kutoka ukutani hadi kwenye runinga kebo itakuwa mita 18.

Tunataka habari za kimataifa, chaneli za injili, na hizi zetu za Kenya. Dukani wananiambia nibebe seti nzima: dishi la sm 60, LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), kebo, king'amuzi na kipima mawimbi cha mshale. Je, inatosha? Na inawezekana kupata setilaiti mbili bila kubadilisha kebo kila mara?

FundiWaKibos

Ndugu, dishi ndilo linaloonekana kwanza dukani, lakini ndilo la mwisho kuamuliwa. Anza na karatasi. Andika chaneli kumi mnazozitaka kweli, utafute kila moja iko setilaiti gani, kisha kando ya kila moja uandike masafa yake, H au V (wimbi limelala au limesimama), SR (kasi ya data yake), na kama iko bendi ya Ku (masafa ya juu) au C (masafa ya chini). Tazama tarehe ya orodha unayotumia, maana chaneli huhama. Orodha ya mwaka juzi itakununulisha vifaa visivyo na kazi. Halafu hakikisha mwale wenyewe, yaani wimbi lililoelekezwa eneo fulani, unafika Afrika Mashariki. Setilaiti moja hubeba miale kadhaa, na chaneli inayoshuka kwa mwale wa Ulaya hutaipata Mamboleo hata ukisimamisha dishi la futi 8.

Chaneli za Kenya zitoe kwenye hesabu ya dishi. Tangu analogia izimwe mwaka 2015, KBC, Citizen, NTV na KTN hushika bure kwa antena ya nje ya UHF. Nunua king'amuzi kimoja chenye pande zote mbili, DVB-S2 kwa dishi na DVB-T2 kwa antena. Hapo mambo yote yako kwenye rimoti moja.

Sasa Ku au C. Mfano mzuri ni Intelsat 20, digrii 68.5 mashariki, ambayo ina chaneli nyingi za dini zisizolipiwa kwenye bendi ya C. Hizo hazitaki dishi dogo: ni la futi 6, yaani mita 1.8, la wavu au la bati, pamoja na LNB ya C yenye LO (masafa ya ndani ya LNB, unayoyaandika kwenye menyu) ya 5150. Faida yake ni kwamba mvua ya jioni ya huku haiigusi sana. Ku hutumia dishi dogo, lakini wingu zito likisimama juu yako picha inakatika.

Kwa Ku usichukue sm 60. Chukua sm 90. Eneo lake ni mara 2.25 ya lile la sm 60, sawa na nyongeza ya desibeli 3.5, na hizo ndizo zinazokubakizia picha mvua ikinyesha. Kutoka 90 kwenda 120 unaongeza 2.5 tu, kwa dishi zito zaidi linalosukumwa na upepo. LNB iwe ile inayoitwa universal, iliyoandikwa 9750/10600. Zipo za zamani zenye namba moja tu. Hizo hukosa nusu ya bendi.

King'amuzi kisome H.264 na H.265 (mifumo ya kubana picha), kiwe na DiSEqC (amri za kuchagua kati ya LNB au dishi kadhaa), na kiwe na ule utafutaji unaoitwa blind scan kwenye menyu, unaotafuta chaneli bila wewe kuandika masafa. Ukiuziwa kwa sifa ya kufungua chaneli za kulipia, kiache. Hiyo ni wizi wa mawimbi, na vingi vyake husimama kufanya kazi punde tu funguo zinapobadilishwa.

Kipima mawimbi cha mshale hupiga kelele kwa setilaiti yoyote. Hakijui setilaiti ya digrii 68.5 wala ya 36. Pesa hizo ongezea kwenye kebo.

Ikweta_Kakamega

Ninaongeza jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayalisemi, kwa sababu yameandikwa na watu wa Ulaya. Sisi tuko juu ya ikweta. Kisumu iko digrii 0.1 kusini, Kakamega 0.3 kaskazini. Setilaiti zote za runinga zimejipanga juu ya ikweta, kwa hiyo kwetu zinasimama kwenye mstari mmoja unaotoka mashariki kabisa, unapita utosini, na kushuka magharibi kabisa. Hakuna cha kaskazini wala kusini. Vilima vya Riat haviwezi kukuzuia kamwe.

Mwinuko, yaani pembe kutoka upeo wa macho kwenda juu, kutoka Kisumu ni huu: 68.5 mashariki ni digrii 51, dira ikisoma 90. Digrii 57 mashariki ni 64, upande uleule. AMOS-17, iliyoko digrii 17 mashariki, ni mwinuko wa 69, dira 270, kwa sababu sisi tuko 34.75 nayo imebaki nyuma yetu magharibi. Digrii 7 mashariki ni mwinuko wa 58, magharibi pia. Zile dishi za kulipia unazoziona mtaani zikikodolea mbingu ziko kwenye 36, mwinuko wa digrii 88.5. Usiige dishi la jirani ukidhani setilaiti zote ziko huko.

Dishi la sm 90 la offset (lile ambalo LNB yake haikai katikati) haliangalii moja kwa moja panapoelekea uso wake. Wimbi huingia digrii 22 hadi 25 juu zaidi. Kwa hiyo kwa 68.5 uso wa dishi utalala kama digrii 27 tu kutoka wima. Macho yatakuambia liko chini mno. Usiyaamini.

Sasa LNB, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukiifunga ilivyo kawaida, konekta ikitazama chini, H na V zitabadilishana. Wimbi la H limelala sambamba na ikweta. Sisi tukitazama mashariki au magharibi tuko juu ya mstari huohuo wa ikweta, hivyo H inatufikia ikiwa imesimama wima. Dawa yake ni kuizungusha LNB digrii 90 hadi konekta itazame kando. Kushoto au kulia ni sawa. Ukiona umeandika masafa sahihi ya H na ubora ni 0, ukibadili kuwa V kwenye menyu chaneli zinakuja, tatizo ni hilo, wala LNB haijaharibika.

Jambo hilohilo linaamua LNB mbili kwenye dishi moja. Picha za Ulaya zinaonyesha LNB zimekaa bega kwa bega. Huku kwetu hazitashika kitu. Ya pili inakaa juu au chini ya ya kwanza. Ukilenga 68.5 na unataka 57, iliyo juu zaidi angani, LNB yake inakaa chini ya ile kuu, kwa kuwa dishi hugeuza picha. Umbali huo wa kama digrii 13 angani unawezekana kwenye sm 90, ila ile ya pembeni itapungukiwa. Lenga LNB kuu kwenye setilaiti iliyo dhaifu.

Mamboleo_Juu

Asanteni sana. Basi mwembe unanipa wasiwasi. Mkisema 68.5 iko upande wa mashariki na 17 upande wa magharibi, dishi moja haliwezi, sivyo? Na dishi la mashariki nilitaka kuliweka chini, kwenye bomba uani.

FundiWaKibos

Dishi moja haliwezi, ni mbili, moja kila upande, zikakutane kwenye swichi ya DiSEqC ya 2x1 au 4x1, na kutoka hapo kebo moja tu iingie ndani. Swichi ifunge chini ya ukingo wa paa isinyeshewe. Kwenye menyu, dishi la mashariki liite A au 1 kulingana na tundu ulilolichomeka, la magharibi B au 2. Ukikosea hapo king'amuzi kitatafuta 68.5 kwenye dishi la 17.

Mwembe tupige hesabu. Kwa mwinuko wa digrii 51, kizuizi cha kila mita 1 juu ya dishi kinataka umbali wa sm 82. Dishi likiwa chini kabisa ya ukuta, mwembe una mita 9 juu yake, unataka mita 7.4. Una 6. Haipiti. Ukilisogeza uani kuelekea mti ndipo unaharibu zaidi. Dishi likiwa kwenye ukingo wa paa, mita 3 juu, mwembe unabaki na mita 6 na unataka mita 4.9. Inapita, kwa nafasi ya kama mita moja. Lakini pima hadi tawi lililo karibu, usipime hadi shina, na ukumbuke mwembe unakua. Majani mabichi yenye maji huua Ku kabisa.

Kama chaneli zako zote ni za C, dishi la futi 6 halifai kuning'inia ukutani. Bomba la inchi 3, futi 2 ndani ya zege, upande wa magharibi wa nyumba, mahali ambapo paa halizuii na umbali unakuvusha juu ya mwembe. Bomba lazima liwe wima kabisa. Pima kwa timazi pande mbili kabla zege haijakauka. Na dishi hizo za wavu hufika zikiwa vipande, hivyo pima mwenyewe LNB ikae wapi: kipenyo mara kipenyo, kisha gawa kwa jibu la kina mara 16. Kipenyo sm 180 na kina sm 30 hukupa sm 67.5 kutoka katikati ya dishi hadi mdomo wa LNB. Ile pete ya mbele ya LNB iweke kwenye alama ya 0.38, yaani 67.5 gawa kwa 180. Ukikosea sm 3 ubora unashuka waziwazi, na fundi asiyejua atakuambia ununue dishi kubwa zaidi.

NakuruMlimani

Huku Nakuru namba ni tofauti kidogo: 68.5 ni mwinuko wa 52, na 17 ni 67.6. Ile 36 iko utosini kabisa, zaidi ya digrii 89, kwa hiyo mtu anayeitaka aangalie kama mabano ya dishi yanafika huko kabla ya kulipa. Dishi likilala hivyo linakuwa karai. Toboa tundu la mm 6 pale maji yanapotuama, na konekta ya LNB izibwe vizuri zaidi kwa sababu inaweza kutazama juu.

Kuhusu kebo: RG6 ya ohm 75. Beba sumaku ndogo dukani. Uzi wa katikati ukivutwa na sumaku, ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita 18 utafanya kazi, lakini ukiongeza swichi na urefu, umeme hupungua njiani. King'amuzi hutuma volti 13 kwa V na 18 kwa H. Zile 18 zikifika zimechoka, LNB hudhani ni 13. Dalili yake: V zote zipo, H zote hazipo. Ukiona hivyo usiguse dishi.

Konekta zifungwe kwa utulivu. Menya ganda la nje mm 15, kunja nyuzi za wavu nyuma juu ya ganda, menya plastiki nyeupe, kisha sukuma hadi nyeupe ilingane na sakafu ya konekta. Uzi wa katikati utokeze mm 2 au 3 nje ya ukingo. Kabla ya kufunga, itazame kwenye mwanga: uzi mmoja tu wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa ule wa katikati ni shoti. Ndiyo maana king'amuzi huchomolewa umeme kila unapounganisha. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo kama herufi U, maji yadondokee hapo.

Radi za ukanda wa ziwa ni kali. Bomba liwe na waya wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi, na mvua ikianza kunguruma chomoa umeme, kebo ya dishi na antena, vyote vitatu.

Ikweta_Kakamega

Siku ya kutafuta, mmoja akae kwenye runinga na mwingine kwenye dishi. Weka masafa ya chaneli moja yenye nguvu, LO sahihi, na utazame mstari wa ubora. Ule wa nguvu utaonyesha asilimia 60 hata dishi likitazama ukuta, kwa sababu ni LNB tu imepata umeme. Dira ikiwa 90, panda na kushuka polepole, nusu digrii kwa wakati, ukingoje sekunde 2 au 3 kila mara kwa kuwa king'amuzi huchelewa. Mwale wa dishi la sm 90 kwenye Ku una upana wa kama digrii 2, ukikimbia unaupita. Kwa kuwa setilaiti zetu zimepangana juu chini, ukipata ubora wa kitu usichokijua, huenda ni jirani yake tu: panda au shuka, usizungushe kushoto na kulia.

Ukiupata, kaza nati zamu kwa zamu, robo mzunguko kila moja, ukitazama mstari. Dishi nyingi hupotea wakati wa kukaza.

Na picha ikikatika dakika chache siku kadhaa mfululizo karibu na Machi 21 au Septemba 22, mbingu ikiwa nyeupe, karibu saa nne asubuhi kwa 68.5 au saa nane mchana kwa 17, usipande juu ya paa. Ni jua linapita nyuma ya setilaiti. Siku hizo pia ndizo bora za kuupima ule mwembe: saa hiyo, kivuli chake kikiangukia mahali pa dishi, basi pia kinazuia wimbi.