Nani alikata ile karatasi?

Kikundi: Familia ya Kidia, Old Moshi

Haika: Shikamooni wakubwa zetu. Sura ya kumi na moja ya ile riwaya yetu ya Kiingereza nimeshaisoma na kuirekodi kwa Kiswahili, naituma sasa hivi. Ni ndefu, mtu awe na bando.

Haika: (ujumbe wa sauti)

Shangazi Ndeshi: Marahaba mwanangu. Ngoja niepue ndizi nikae nisikilize kwa utulivu.

Frank: Da Haika, mimi huku Arusha bado niko kazini, siwezi kusikiliza. Niandikie kwa ufupi basi, nitakufa na hamu.

Haika: Haya. Ni 1817, Uingereza. Hannah amefika kwenye kile kikanisa cha kijijini kutafuta ndoa ya marehemu wazazi wake. Kitabu cha ndoa kipo, kinatunzwa kwenye sanduku lenye kufuli. Anafungua mwaka ule, ukurasa haupo. Haujachanika, Frank. Umekatwa kwa kisu. Akipitisha kidole kwenye mshono anagusa ukingo mwembamba wa karatasi uliobaki, umenyooka kabisa.

Shangazi Ndeshi: Yesu wangu!

Frank: Sasa karatasi moja tu? Si kijiji kizima kinajua kama walioana?

Haika: Karatasi ndiyo kila kitu. Zamani kule watu waliweza kufungishwa ndoa kimyakimya, kukawa na vurugu nyingi, mpaka Bunge likatunga sheria 1753. Kuanzia mwaka uliofuata ilikuwa lazima mtangazwe kanisani Jumapili tatu, au mpate kibali. Halafu ndoa iandikwe kitabuni, maharusi watie sahihi na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika anaweka alama ya msalaba. Sasa Hannah ana mdogo wake wa kiume, na lile shamba linarithiwa na wanaume. Ndoa isipothibitika, mtoto anahesabika wa nje ya ndoa, na kila kitu kinakwenda kwa baba yao mdogo.

Shangazi Ndeshi: Jumapili tatu! Kumbe tunatangazwa kama wao.

Kandida: Na sisi Wakatoliki wa Kibosho ni hivyo hivyo wifi. Mimi nilitangazwa huku na kaka yako akatangazwa kwenu, mpaka nikaogopa atatokea mtu wa kunisimamisha.

Haika: Wifi, shikilia hapo hapo kwenye kusimamishwa, ndipo hadithi inapoelekea. Thomas, yule msimamizi wa shamba anayempenda Hannah, baba yake ni mmoja wa wale mashahidi wawili. Mzee yuko hai. Thomas anajua kila kitu, amenyamaza.

Frank: Aaah! Thomas tena?

Shangazi Ndeshi: Na mimi nilishaanza kumpenda huyo kijana.

Baba Mdogo Elirehema: Amani kwenu. Nimepita kimya siku nyingi, leo naomba niseme kwa upendo. Watu wazima mnakesha na hadithi za mapenzi za Wazungu. Biblia mmeimaliza?

Haika: Shikamoo Baba Mdogo. Karibu sana. Nikuhakikishie kwanza, hakuna neno ndani yake ambalo siwezi kulisoma mbele ya Bibi. Hannah na Thomas tangu sura ya kwanza wameshikana mikono mara moja, na ilikuwa kuvuka mto. Vitabu vya aina hii ndivyo vilivyo. Mapenzi yapo ila mlango umefungwa, na imani inatembea ndani ya hadithi. Hannah anasali, anakasirika, anaacha kusali, anarudi.

Baba Mdogo Elirehema: Marahaba. Na hiyo imani ingekosa nini bila karatasi iliyokatwa?

Haika: Ingekosa mtihani, Baba Mdogo. Ningekuwa nasoma mapenzi matupu, Thomas na Hannah wangegombana kwa jambo dogo, wangepatana, harusi, basi. Hapa kuna uongo uliofukiwa miaka ishirini, na mtu mwema amekaa juu yake. Akinyamaza anampata mke. Akisema anamuaibisha baba yake na huenda mke akamkosa. Halafu fikiria wanatangazwa, mchungaji anauliza mbele ya usharika wote kama kuna mwenye kujua kizuizi. Thomas amekaa pale kwenye benchi! Siri na ndoa vinakutana mlango mmoja. Ndiyo maana navipenda vyenye fumbo kuliko vingine vyote. Ukweli lazima utoke kwanza, ndipo upendo upite.

Kandida: Hapo mimi natofautiana nawe kidogo wifi. Baba ni baba. Mtoto gani atasimama kanisani amtaje mzazi wake? Angeenda kwanza kwa mzee, waongee wawili, mzee aseme kwa kinywa chake.

Shangazi Ndeshi: Na mzee akikataa?

Kandida: Anarudi mara ya pili na wazee wa ukoo.

Shangazi Ndeshi: Ila kabla ya tangazo la kwanza. Siyo la tatu. Mwanaume anayengoja mpaka Jumapili ya tatu huyo anangoja bahati.

Frank: Shangazi umemaliza.

Kandida: Na Baba Mdogo, samahani, mbona mafumbo hata kwenye Biblia yamejaa? Susana yule, Danieli sura ya 13. Wazee wawili wanamsingizia uzinzi, anapelekwa kuuawa, kijana Danieli anasimama anasema watenganisheni. Anamuuliza kila mmoja peke yake, uliwaona chini ya mti gani? Huyu anataja mti huu, yule anataja mwingine. Wamekwisha.

Baba Mdogo Elirehema: Sura hiyo haimo kwenye Biblia yetu sisi Walutheri, mkwe wangu. Lakini nakuelewa. Kwetu kuna kikombe cha Yusufu kilichofichwa kwenye gunia la Benyamini, na kile alikifanya kuwapima ndugu zake kama wamebadilika. Yuda akajitoa yeye abaki badala ya mdogo wake.

Haika: Hapo hapo Baba Mdogo! Ndicho ninachokisema. Fumbo la kupima moyo.

Baba Mdogo Elirehema: Sawa. Hofu yangu nyingine lakini haijajibiwa. Kwenye vitabu hivyo Mungu hujibu kabla ya ukurasa wa mwisho. Mabinti wanavisoma, wanadhani na kwao itakuwa hivyo. Nimezika watu waliosingiziwa na hawakusafishwa mpaka leo.

Haika: Hilo ni kweli na linaniuma. Kuna vitabu vya aina hii nimeviacha katikati kwa sababu hiyo, kila kidonda kinafungwa kwa utepe. Hiki nimeking'ang'ania kwa sababu mama yake Hannah alishakufa akiitwa majina mabaya. Hata ukurasa ukipatikana, yeye hatausikia ukisomwa. Mwandishi hajajaribu kulificha hilo.

Baba Mdogo Elirehema: Basi huyo mwandishi anajua anachoandika.

Frank: Da Haika, vitabu hivi unavitoa wapi?

Haika: Soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba. Unapekua chini kabisa, huko kwenye magazeti ya zamani. Vingine tunaazimana na akina mama wa kwaya.

Anna (naandika kwa niaba ya Bibi): Hamjambo. Bibi amesikiliza yote, mara mbili. Anauliza, ile barua ya sura ya tatu ilikwenda wapi?

Haika: Shikamoo Bibi! Ile iliyokataliwa? Enzi hizo, kabla ya 1840, anayepokea barua ndiye aliyelipa. Mama yake Hannah hakuwa na hela, akairudisha kwa mtu wa posta bila kuifungua.

Anna: Bibi anasema marahaba. Anasema kama haikufunguliwa basi bado ipo, na aliyeiandika alikuwa na jambo la kumwambia mama yake Hannah. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja ni baba yake Thomas. Wa pili hakuna aliyemuuliza.

Kandida: Bibi!!

Shangazi Ndeshi: Mimi nimesisimka mwili mzima.

Anna: Anaendelea. Aliyekata hakuwa mwizi. Mwizi ana haraka, anachana. Huyu alikaa mezani na taa, akakata polepole, na ufunguo wa sanduku ulikuwa wake. Anasema msimsumbue Thomas, mtazameni mwenye ufunguo.

Haika: Bibi, nimeishiwa maneno. Sijafika huko, naapa.

Anna: Anasema anajua kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa baada ya ile vita ya kwanza, usharika ukabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyewe. Baba yake alimsimulia watu walivyokuwa wanakuja usiku kuomba jina lisogezwe, tarehe irudishwe nyuma. Kwa sababu ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya kurithi.

Haika: Jamani. Hicho ndicho kitabu ninachokitaka! Cha hapa hapa. Reli imefika Moshi 1911, kijana anatoka Tanga na reli, binti yuko darasa la ubatizo hapa Kidia, vita inakuja, mchungaji anaondolewa, na daftari limebaki na mwalimu.

Baba Mdogo Elirehema: Ukiandika, andika kwa heshima. Ardhi hii Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani juu yake 1900, na fuvu lake linatafutwa mpaka leo huko Ujerumani. Watu wake wapo.

Haika: Nimekusikia Baba Mdogo. Sitaligusa bila kuwauliza wenyewe.

Frank: (ujumbe huu umefutwa)

Shangazi Ndeshi: Frank umefuta nini?

Kandida: Mimi nimeuona. Frank ameingia intaneti akatafuta mwisho wa kitabu.

Shangazi Ndeshi: Kandida, mwanangu, usiseme hata herufi moja.

Anna: Bibi anauliza kama Frank aliona jina la mwenye ufunguo. Halafu anasema hapana, asijibu. Anataka sura ya kumi na mbili usiku huu huu. Dawa ameshakunywa na uji amemaliza.

Haika: Narekodi sasa Bibi. Nipeni nusu saa watoto walale.