Paka kavimba kongosho, anakimbilia chakula akikinusa anageuka. Naombeni msaada

BintiTabata
Habari zenu wakuu. Nina paka jike wa miaka 9, anaitwa Shani. Juzi daktari wa mifugo kampima damu na kumpiga ultrasaundi akasema kongosho limevimba, akawekewa dripu siku mbili, jana jioni nimerudi nae home. Shida ni kula. Nikiweka samaki anakuja mbio, ananusa, anaanza kujiramba midomo mate yanamtoka halafu anaenda kujikunyata chini ya kochi. Toka jana kala vijiko viwili tu. Jirani anasema nimwache tumbo lipumzike, mama anasema nimkamulie uji mdomoni na bomba la sindano. Sijui nishike lipi, usiku sijalala.

KakaKigamboni
Pole sana dada. Hayo mate na kujiramba ni kichefuchefu, njaa anayo ndo maana anakuja mbio ila harufu ikimfika moyo unamchafuka. Usimwache na njaa, paka akikaa siku 2 au 3 bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini yanajazana kwenye ini, unajikuta unauguza magonjwa mawili. Na kumkamulia kwa nguvu pia usifanye, mwombe mama radhi, anaweza kupaliwa kikaingia mapafuni. Halafu anakichukia kile chakula kabisa, wangu nilimlazimisha kuku wa kuchemsha akiwa anaumwa hivyo hivyo, mpaka leo hagusi kuku na naumia kila nikikumbuka.

VetiMbezi
Mimi ni daktari wa mifugo. Mpigie aliyemtibu leo hii umuulize kama Shani ana dawa ya kichefuchefu ya kuendelea nayo nyumbani. Maropitanti ni mara moja kwa siku, ondansetroni mara 2 au 3, na zinaweza kwenda pamoja. Hicho kikitulia ndo inakuja ya hamu ya kula, mirtazapini, ila dozi ya paka ni kama miligramu 2 tu wakati kidonge cha watu kinaanzia 7.5 au 15 kwa hiyo usijikatie mwenyewe, ikizidi atalia na kuzunguka usiku kucha. Ulizia na dawa ya maumivu. Kongosho linauma sana na paka hasemi, ule mkunyato ndo kilio chake. PANADOL USIMPE, hata kipande kinaua paka.

BintiTabata
Daah kumbe. Alichomwa sindano moja tu kule, sikupewa ya kuja nayo. Nampigia sa hivi. Chakula je?

MamaPaka_Ilala
Samaki changu wa kuchemsha bila chumvi, kitunguu wala saumu usiweke ni sumu kwao. Toa miba, pasha kiwe vuguvugu, weka kijiko kimoja kwenye sahani bapa mbali na jikoni. Akigeuka ondoa hapo hapo, usimwachie harufu imkae puani, na joto hili la Dar kinachacha upesi. Rudia baada ya masaa mawili matatu. Ukiona fizi au masikio yamekuwa njano, au mpaka kesho bado hali, mrudishe, wanaweza kumwekea mpira wa kulishia usiogope.

BintiTabata
Nimerudi wakuu. Kachomwa maropitanti saa nane na dawa ya maumivu, saa kumi na mbili kala vijiko vitatu vya changu bila kutoa mate. Sasa kalala kajinyoosha, toka Jumatatu sijamuona hivyo. Asanteni jamani, mama nae kaelewa.